Samaki wa Birika la Shule

Nyahururu,
4 Februari 2024

Shangazi yangu Bi Hind,

Asalaam aleikum. Nakushika mkono kutoka huku kwenye baridi, nikitaraji moyo umetulia na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila mafua hayaniachi. Huku kila mtu ana mafua. Baba amenieleza kuwa simu umeikataa kabisa, kwamba sauti zinakujia kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Basi tutaandikiana, na barua zitasafiri kwa basi kama zamani. Jirani yako Sabir atazichukua ofisi ya basi akitoka dukani kwake mtaa wa Ndia Kuu.

Nikupe habari za kazi yangu. Unajua hapa mimi ndiye mwalimu wa ushauri. Tangu mwaka juzi tumefuga mbuzi wanne wa maziwa na sungura, na kila msichana ana zamu yake. Alhamisi mchana tunafunga vitabu, na shule nzima tunatembea hadi mtoni na kurudi. Walimu wenzangu walinicheka. Sasa wao ndio wa kwanza kuvaa viatu vya kutembelea.

Kuna msichana wa kidato cha pili, Winnie, alimzika mamake akarudi shuleni bubu. Muhula mzima hakusema nami, wala na muuguzi, wala na wenzake. Siku moja napita zizini namsikia anamgombeza mbuzi: "Wewe! Simama vizuri, mimi si mkeka wako." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosikia kutoka kinywani mwake. Siku hizi anakula, analala, na ananibishia darasani. Sijawahi kufurahi hivyo kubishiwa.

Sasa sikiliza. Shule yetu ya Bondeni inatafuta mwalimu wa ushauri, nami nimeomba. Mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Abdulbasit, alinipigia akafurahi sana, hasa kusikia mimi ni mtoto wa kaka yako. Lakini nilipotaja wanyama akasema tu, "Hilo la wanyama, muulize shangazi yako."

Ulikuwa mwalimu mkuu pale miaka ishirini na miwili. Ni wewe uliyemruhusu Mzee Charo, mtunza bustani, kufuga mbuzi uani. Nilikuwa na miaka tisa walipoondolewa, na nakumbuka machache. Kwa nini walikatazwa?

Mwanao,
Bayan


Kuze, Mombasa,
27 Februari 2024

Mwanangu Bayan,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia, na nimechelewa kujibu kwa sababu mkono hutetemeka asubuhi na macho huchoka jioni, kwa hivyo nina saa mbili tu za kuandika kwa siku. Babako ni mzima. Sabir amepaka duka lake rangi ya buluu ili watalii walipige picha, wanapiga, hawanunui. Daktari asema moyo wangu umechoka. Nilimwambia una haki ya kuchoka, una miaka themanini na moja. Hakucheka.

Nimefurahi kwa ajili ya huyo Winnie. Lakini mtoto akisema na mbuzi leo, kesho angesema na mtu hata bila mbuzi. Huzuni ina muda wake.

Umeandika kurasa mbili, na swali lenyewe ni mstari mmoja, nawe umeliweka mwisho kabisa. Nilifundisha miaka thelathini na minne, Bayan. Namjua mwanafunzi anayeuliza jambo ambalo jibu lake analo. Ni nani aliyekutuma? Abdulbasit alikuwa mtoto mdogo siku hizo; anajua nini yeye? Au kuna mtu mwingine umezungumza naye?

Wanyama waliondolewa kwa sababu palitokea ajali, watoto wakadhurika. Halmashauri ikaamua. Sikumsema Charo kwa ubaya wakati ule na sitamsema sasa. Je, yuko hai?

Kazi ichukue. Utakuwa karibu na babako. Fundisha, washauri watoto, na uani watoto wacheze kamba. Hayo mengine yaache.

Akuhifadhi Mola.

Shangazi yako,
Hind


Nyahururu,
9 Machi 2024

Shangazi,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema kabla haijaingia. Nakutumia chai ya majani ya huku. Sabir asiinywe yeye.

Hujanijibu. Umeniambia ajali, hukuniambia ajali gani.

Hakuna aliyenituma. Nilimwomba Bwana Abdulbasit anieleze sababu, akanitumia picha ya barua iliyo kwenye faili. Ni ya tarehe 15 Machi 1996, sahihi ni yako. Inasema kwamba Jumatatu ya tarehe 11, kwa uzembe wa mtunza bustani katika kuweka dawa ya kupe ya mbuzi, sumu iliingia katika birika la kutilia udhu, samaki wakafa, na wanafunzi kumi na mmoja wakaumia wakijitayarisha kwa sala ya adhuhuri. Mtunza bustani ameachishwa. Wanyama wa aina yoyote wasifugwe tena shuleni.

Barua hiyo ndiyo sheria hadi leo. Halmashauri itakutana tarehe 24 Agosti. Wananitaka mimi, lakini zizi hawalitaki. Na mimi bila zizi nitakuwa na chumba na viti viwili, mtoto aketi kwenye kimoja anitazame.

Dawa ya kupe naijua, tunaitumia hapa. Nilimweleza daktari wetu wa mifugo yaliyowapata watoto: macho mekundu, koo kuungua, kukohoa. Akatikisa kichwa. Akaniuliza swali moja tu, nami nakuuliza wewe.

Maji yalinuka nini?

Bayan


Kuze, Mombasa,
29 Aprili 2024

Bayan,

Waaleikum salaam. Nilifunga siku sita tu mwaka huu, daktari akanikataza. Mvua imetunyeshea hadi maji yamepita kizingiti. Sisi wengine wazima, alhamdulillahi.

Idi imepita. Nilikuwekea sahani. Babako alisema huji, kazi nyingi, shule, barabara mbovu. Siku ya pili ya Idi akaingia Sabir kutoka Voi, hata viatu hajavua. "Bi mkubwa, mbona Bayan nimemwona Mariakani?"

Nikamwambia umemfananisha.

"Nimemwamkua na kaniitika! Tena kanisihi nisikwambie. Sasa mie kutunza siri nakujulia wapi?"

Kumbe ulifika Mariakani. Kwa basi ni saa moja tu hadi Mombasa, nawe hukuvuka daraja la Makupa kuja kunipa mkono wa Idi. Mtoto niliyemlea mwaka mzima mamake alipofariki, niliyemsuka nywele kwa mikono hii. Najua Mariakani ni kwa nani. Charo aliwahi kuniambia ana shamba la babake huko. Hukutaka kuniuliza mimi kwanza? Au umeniuliza, ukaona jibu langu halina thamani, ukaenda kwa shahidi mwingine? Unanichunguza kama mwizi wa kuku.

Sina nguvu za kugombana. Ndani ya barua hii imo bahasha nimeibandika kwa gundi. Kila unalolitaka limo ndani. Utaifungua nikishazikwa, si siku moja kabla. Baada ya hapo fanya upendavyo, ipeleke kwa halmashauri, isomwe barazani, nami sitakuwepo kusikia.

Hilo ndilo niwezalo.

Hind


Nyahururu,
20 Mei 2024

Shangazi,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa Idi. Nilikosa, na Sabir hakukosea kusema. Baada ya kuonana na Mzee Charo nisingeweza kuketi kwenye mkeka wako, nikala biriani, nikanyamaza.

Bahasha yako inarudi ilivyokuja. Itazame gundi. Sikuifungua.

Sitaipokea baada ya mazishi. Ukishakufa watasema bibi alikuwa mgonjwa, aliandika akiwa hana fahamu. Baba atanisihi niichome. Tena Mzee Charo ana miaka sabini na sita na kifua kinambana. Ikiwa yeye atatangulia, barua hiyo itakuwa ya nani?

Nikwambie nilivyomkuta. Alikuwa anamkata mbuzi kwato. Aliniangalia mpaka nikaona haya, kisha akasema, "Wewe ndiwe yule aliyekuwa akila majani ya mbuzi akidhani mchicha?" Ndiye mimi. Mama alipofariki sikula siku nne, wewe unajua. Mzee Charo hakunibembeleza. Alinipa rundo la majani akaniambia mbuzi wake hali chakula peke yake, ni mwenye adabu. Nikala pamoja naye.

Akakuulizia. "Mwalimu yu hai? Bado mkali wa hesabu?" Nilipomtajia birika akarudi kwenye kwato. Alisema, "Mimi sina kesi na mtu. Kamuulize mwalimu wako, ule mkebe mweupe ulikuwa wa nani." Alinipa chai, akanisindikiza stendi.

Sasa nikuambie la kwangu, ambalo sijamwambia mtu. Nilikudanganya nikisema nakumbuka machache. Uliniita ofisini siku ile. Ulifunga mlango. Uliniuliza, "Ulimwona Charo na mkebe karibu na birika?" Nikasema ndiyo. Nilimwona kweli, alikuwa na mkebe mwekundu, akipita kwenda kwa mbuzi kama kila Jumatatu. Hukuniuliza wa rangi gani. Ukaniambia vizuri, rudi darasani.

Kesho yake Charo hakuwepo, na wiki ile mbuzi wakapakiwa kwenye gari. Miaka ishirini na minane naishi nikijua kwamba ni mimi niliyemfukuzisha. Nadhani hata kazi hii niliichagua kwa sababu hiyo.

Sitakuomba tena. Ukitaka kunijibu, nijibu ukiwa hai.

Bayan


Kuze, Mombasa,
18 Juni 2024

Mwanangu Bayan,

Waaleikum salaam. Idi ya kuchinja ilikuwa juzi. Sabir alileta nyama, nikaigawa, mimi sili tena nyama. Babako hajui ninachoandika. Barua hii nimeiandika siku nne.

Mkebe mweupe ulikuwa wangu.

Birika lile unalikumbuka, la mawe, katikati ya ua, tangu shule ile ilipokuwa nyumba ya tajiri. Samaki walikuwemo kabla yangu. Wazee waliwatia ili wale viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya misikitini. Charo aliwatunza. Alikuwa na mazoea ya kuwaonyesha watoto: samaki wakicheza juu asubuhi, maji hayana neno. Watoto waliokuwa wakichelewa kila siku walianza kufika kabla ya kengele, ili wawahi kuwaona samaki na kuwapa mbuzi majani. Ijumaa Charo alilichukua darasa la nne hadi uwanja wa Makadara kukata nyasi, na wakirudi walisoma kama watu waliokunywa maji baridi. Niliyaona haya yote. Nisije nikakuambia sikuyaona. Katika barua yangu ya kwanza nilikuandikia kwamba huzuni ina muda wake. Lakini wewe nilikuona kwa macho yangu ukirudi kula.

Ikaja habari kwamba wakaguzi watafika Jumatatu kutoka Nairobi. Nikaona haya. Niliwaza watasema nini wakikuta watoto wanasukutua kwa maji yenye samaki. Nikapata mkebe wa unga wa klorini, nikasoma kipimo, nikapiga hesabu kwenye karatasi kwa birika lililojaa. Ilikuwa kaskazi, Bayan. Mvua haijanyesha tangu Disemba, na maji yalikuwa chini ya goti. Ningetia kijiti nipime kina. Mimi niliyewaadhibu watoto kwa kukosa kuandika vipimo, sikutia hata kijiti. Baada ya alfajiri nilikwenda peke yangu, nikamimina yote, nikaufunga mkebe kwenye gazeti.

Wakaguzi walikuja, wakanywa chai, wakasifu usafi, wakaondoka saa tano. Adhuhuri watoto wakashuka kutia udhu. Wakasukutua, wakapandisha maji puani, wakaosha nyuso. Kelele zile bado nazisikia, na ndizo pekee ninazozisikia vizuri. Kumi walipona kwa siku chache. Mejumaa, yule binti mdogo wa huku Kuze, alikuwa ametia uso mzima majini na kufungua macho kutafuta samaki. Jicho lake la kushoto halikurudi.

Nilijua wakati uleule. Harufu ilikuwa imejaa ua mzima. Lakini mzazi mmoja alipiga ukelele, "Ni dawa za mbuzi zile!" na nikaona mlango umefunguka. Nikaingia. Nilikuita wewe kwa sababu ulikuwa mkweli na kila mtu alijua. Nilijua nikuulize nini ili ukweli wako unifae. Jibu lako halikuwa na kosa lolote, mwanangu. Swali langu ndilo lililokuwa uongo. Hukumfukuza mtu. Ningekuambia hili ulipokuwa na miaka kumi, na kumi na tano, na siku ulipoolewa. Kila mara nilisema bado.

Charo nilimwita nikamwambia halmashauri wanataka polisi, nami nimemwombea, aondoke tu kwa amani. Alikuwa ameuona mkebe wangu jaani. Alijua. Bado alinishika mikono miwili akanishukuru.

Sasa unayo yote.

Hind


Nyahururu,
5 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Asalaam aleikum. Nimeisoma mara tatu. Nililia mara ya kwanza tu, na nililia kwa ajili yangu. Ahsante. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Lakini umesema ninayo yote, na sina. Mejumaa alikuwa anatafuta samaki. Kwa hivyo samaki hawakuwa wakielea pale. Unga ulimiminwa alfajiri, lazima walikufa mapema, na kuna mtu aliyewatoa kabla ya adhuhuri. Kuwatunza ilikuwa kazi ya Charo. Charo hawezi kukuta samaki wote wamekufa akawatoa kimyakimya asimwambie mtu.

Alimwambia nani? Na akaambiwa nini?

Nakuuliza nikiwa nakupenda.

Bayan


Kuze, Mombasa,
27 Agosti 2024

Mwanangu Bayan,

Waaleikum salaam. Umesubiri wiki saba, na najua ulidhani nimekasirika. Nililazwa siku tisa, kisha nikarudi, na kisha nikawa na jambo la kufanya kwanza. Anayeandika ni Sabir, mimi natamka. Ameahidi kutobadilisha neno. Hapa anasema ahadi anaitimiza lakini mgongo unamuuma.

Charo alinijia saa mbili asubuhi, siku ile. Alikuwa na ndoo. Alisema, "Mwalimu, samaki wamekufa wote. Maji haya si maji. Nifunge njia ya kwenda birikani?" Wakaguzi walikuwa tayari langoni, na watoto wote nilikuwa nimewapanga huko tangu kabla ya kengele kuwalaki, hawakupita birikani. Nikamwambia, "Charo, leo nina wageni, usinitie aibu. Watoe hao samaki, ufunike ndoo, unyamaze." Akaniangalia. "Na watoto, adhuhuri?" Nikamwambia hilo niachie mimi. Akatii. Kisha wakaguzi wakasifu, nikafurahi, nikasahau. Si kwamba niliamua watoto waumie. Nilisahau, kwa furaha ya kusifiwa. Kosa la kipimo ningeweza kulisema siku ileile, watu hukosea hesabu. Hili sikuweza. Nililifunika na mtu, na mbuzi wanne, na wewe.

Jumamosi tarehe 24 Sabir alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka Bondeni. Nilikuwa nimemtuma Mariakani mapema kumwalika Charo, na kwa Mejumaa nilimtuma pia. Wote walikuja. Bwana Abdulbasit alikuwa amesoma barua niliyompelekea kabla ya mkutano, akaniinamia sikioni, akilazimika kupiga kelele ili nisikie, kwa hivyo wote walisikia: "Bi Hind, haya mambo ya zamani, tuyamalize sisi kwa sisi!"

Nikamwambia, "Charo sikumfukuza sisi kwa sisi. Nilimtaja mbele ya gwaride la asubuhi." Nikasema yote, na la ndoo nikalisema kwanza.

Mejumaa akasimama. Ni fundi wa nguo sasa, ana watoto watatu. Sauti yake haikuwa kubwa, Sabir ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema, "Kwa hivyo hawakuwa mbuzi? Wanangu nimewakataza hata paka wasimguse. Mkubwa hulia akiona kuku. Mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo." Kisha akaketi. Hakunitazama, na sikutegemea anitazame.

Abdulbasit alikuwa na haraka ya kufunga. Akamgeukia Charo. "Mzee wetu, yamekwisha hayo. Sema tu umesamehe, tuombe dua twende tukanywe kahawa."

Charo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasema, "Mimi nimeitwa kusikiliza. Nimesikiliza."

"Eh, lakini Mzee..."

"Hao mbuzi mwataka kuwafunga wapi?" akawauliza. "Uani mmetia saruji yote. Saruji ya jua huchoma kwato. Na wa kuwatembeza mnaye? Mbuzi asiyetembea hugombana, sawa na mtoto."

Wakamjibu wakikatizana, kila mmoja akijifanya alishafikiria hilo. Wameandika kwamba sheria ya 1996 imefutwa, na kwamba muhula wa Januari uanze na mbuzi wawili na matembezi ya kila wiki. Wameandika pia, kwa jina lake, kwamba Charo hakuwa na kosa. Nilitaka nilione neno hilo likiandikwa na nimeliona. Halmashauri inasubiri jibu lako juu ya kazi.

Watu walipokuwa wanatoka, alipita mbele ya kiti changu. Nikanyanyua mkono. Sidhani kama hakuuona. Aliendelea kutembea, polepole, kwa sababu ya kifua chake, hadi mlangoni.

Utakuja mjini na utasikia mengine. Abdulbasit ameshatangaza msikitini kwamba wazee wamepatana, na jana babako alinibusu kichwa akanipongeza. Nilimwambia si kweli, hakusikia, sasa yeye ndiye kiziwi. Kwa hivyo nakuandikia wewe, usije ukaambiwa ukaamini. Sijasamehewa. Usiende kuniombea kwake, na akikuuliza hali yangu mwambie ukweli tu.

Njoo uanze kazi.

Shangazi yako,
Hind